Kuwa Mzigo

Saa tisa kasorobo anga lilikuwa bado letu.
Ndege nne nyekundu zilipiga vitanzi juu ya mashamba ya soya,
moshi wake ukaning'inia kama mwandiko wa mtoto wa chekechea.
Mimi, fulana ya chungwa, beji ya karatasi,
nilikuwa nabishana na bwana mmoja kuhusu trela lake.

Ndipo Marlys akasema redioni: "Magharibi. Tazameni."
Basi. Alifundisha hesabu miaka thelathini na moja,
haongezi neno pasipo sababu.

Magharibi palisimama ukuta,
rangi ya chubuko la siku ya tatu,
na chini yake ule ukijani ambao wakulima wa Wisconsin
wakiuona huacha kukamua katikati.

Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa, kwa kahawa majimaji,
tulikaririshwa: watu kwanza, mahema baadaye, ndege mwisho.
Watu, mahema, ndege. Nililala nayo kama sala.

Watu, basi. Mabasi ya shule, milango wazi, injini zikinguruma.
Bibi mmoja hakukubali kuacha kiti chake cha kukunja,
tukampandisha nacho.
Mtoto alilia, si kwa radi,
alililia kiatu.

Mahema hayakutungoja.
Hema la soseji lilijing'oa lenyewe,
likapaa vizuri kuliko nusu ya waliolipwa kuruka siku ile.

Ndege mwisho.
Nilikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi ya basi namba sita
nilipomwona: mzee, kofia haipo tena,
amening'inia kwenye mhimili wa bawa la kulia
wa kindege cha njano cha turubai.
Kigingi cha kushoto kilikuwa kimeng'oka.
Kindege kikirukaruka kama ndama asiyeijua kamba.

Sikufikiri. Ningefikiri, ningekuwa basini.

Nikaushika mhimili wa kushoto kwa mikono miwili,
kwa adabu, kama mtu anayeshikilia mlango.
"Usishike!" akapaza sauti. "Ning'inia!
Legeza magoti! Kuwa mzigo!"

Kuwa mzigo.

Tangu nihamie chumba cha chini nyumbani kwa binti yangu
naosha kikombe kabla hakijapoa,
nakunja taulo langu pembe kwa pembe,
usiku natembea kwa soksi.
Hata fulana hii ya chungwa niliivaa kwa ajili hiyo,
kwamba Jumamosi moja, angalau,
niwe nje, niwe na kazi, nisiwe juu ya mtu.
Na sasa mgeni aliyelowa chapachapa
ananiomba uzito wangu wote.

Nikampa.
Nikampa nyonga, nikampa mikate ya majira ya baridi mawili,
nikampa goti bovu na buti zilizojaa maji.
Mvua ya mawe ikatupiga migongo bila kuchagua.
Bawa likainuka, nikainuka nalo, shubiri moja, mbili,
likafikiri,
likashuka.

Kutoka upande wa pili alikuwa anasimulia, nikasikia vipande:
ndugu yake, turubai, walilishona jikoni,
mkate ukanuka gundi hadi Pasaka.
Sijui alikuwa anamwambia nani.

Dakika kumi na moja. Marlys ndiye aliyepima.
Kisha maji yakidondoka kutoka kila kitu,
na mahali fulani shambani kipaza sauti kilichosahauliwa
kikikoroma peke yake.

Mzee aliuliza jina langu. "Renske," nikasema.
"Asante, Rosemary," akasema, akaenda kutafuta kofia.
Kiatu cha mtoto nilikikuta chini ya gurudumu,
kimejaa mawe ya barafu hadi ukingoni.

Marlys alikuja na ubao wake, kalamu imevuja,
midomo imebana.
"Nimewahesabu mara tatu," akasema.
"Mara zote tatu umepungua wewe."

Jioni sikuvua buti mlangoni.
Nilishuka ngazi nikiwa nazo, moja baada ya nyingine,
na kila kipandio kikalia.