Soksi ya Kushoto

Uzi niliununua kwa macho,
dukani kwa Bi. Elspeth Rutherglen, Galashiels,
Jumamosi ya mvua isiyonyesha wala kuondoka.
Gramu mia: zambarau, manjano ya binzari,
kijani cha chupa, na wekundu aliouita
kwa jina la tunda ambalo sijapata kulila.
Ukiwa shada, ulikuwa sherehe.
Nikalipa, nauli ya wiki ikaenda nao.

Mguu ni wa Kitwana, namba kumi,
dereva wa basi la kwanza la Hawick,
anayetoka kukiwa giza totoro
na barafu imefunga vioo.

Nikafungua kitabu cha mishono
nikachagua kama mwenye njaa kwenye karamu.
Msokoto kwanza, ule unaopanda mguuni
kama nywele zilizosukwa kwa saburi.
Siku nne. Vitanzi sitini na vinne,
sindano tano nyembamba kama njiti.
Nikanyoosha mkono nitazame: msokoto hamna.
Kwa kidole upo; kwa jicho
rangi zimeumeza na mifupa yake.
Mafahali wawili,
na zizi lenyewe kifundo cha mguu.

Nikafumua.

Nikajaribu matundu, ua la majani,
ukurasa mzima wa alama kama dawa ya daktari.
Kazini, kati ya mashuka ya hospitali
yanayofuka mvuke wa pasi,
Senga Dalgleish akaishika, akaigeuza,
akauliza kama ndicho kitambaa
nilichofutia mchuzi.
Nikafumua tena. Uzi ukaanza kuota manyoya
kama samahani iliyotumika mno.

Na mimi ndiye niliyeuza kanga Tanga miaka sita!
Mimi niliyekuwa nikiwaambia wateja:
pindo likipayuka, mji unyamaze,
jina lipate kusikika.
Kanga inayopayuka kote ni ugomvi, si vazi.
Wakinuna, wakinunua, wakiuliza lile lile:
"Inachuja?"

Haya. Mbavu mdomoni, mbili wima, mbili kinyume,
chini yake nikafuma wazi, bila hila.
Zambarau ikajikusanya upande mmoja
kama watu wa kijiji kimoja kwenye harusi ya mbali.
Sikuipenda. Sikuifumua pia.
Ikalala siku mbili juu ya redio.

Kisha, karibu na jalada la nyuma,
mshono usio hata na picha:
katika kila vitanzi vinne, kimoja usikifume.
Kihamishe tu, sindano hadi sindano,
kibebe rangi ya safu iliyopita
hadi safu ijayo.
Basi.
Nusu ya kazi ni kutoigusa kazi.
Na lile rundo likavunjika: binzari ikachungulia
ndani ya kijani, wekundu ukadondoka
punje moja, punje moja,
hakuna aliyemkata mwenzake kauli.

Ya kulia ilianzia manjano.
Ya kushoto ilianzia pale uzi ulipotaka.
Nilitafuta mwanzo ule ule, nikazungusha kibunda
usiku wa manane kama mwizi wa kasiki,
nikaacha.

Soksi haina jina kama kanga.
Ingekuwa nalo, ningeliandika kisiginoni,
kwa herufi kubwa, lisugue kiatu:
USINISOME, NIVAE.

Kitwana alizivaa ameketi ngazini.
Akafunga kamba za viatu,
sherehe yote ikaingia gizani.
"Ya kushoto inabana kidogo, hapa kidoleni,"
alisema, akaenda kuwasha basi.

Jumapili nikaziloweka kwenye beseni jeupe,
maji baridi, sabuni kiduchu.
Nikasimama juu yake na kikombe cha chai,
nimekunja uso kama mteja.
Dakika tano. Kumi.
Maji yakabaki maji.