Kifuniko cha Zambarau

Usitikise.
Hilo ndilo neno la kwanza alilonifundisha Dulamjav,
kabla hata ya kunionyesha pa kutundika koti.
Pindua mrija, urudishe. Taratibu, mara nane,
kama unayemgeuza mtoto usingizini.
Chembe ya damu ina ngozi nyembamba
kuliko subira ya daktari wa zamu.

Buluu ni ya kupima kuganda, ijaze mpaka kwenye mstari,
si chini, si juu.
Nyekundu iache igande yenyewe, nusu saa, usiiguse.
Zambarau ni ya kuhesabu chembe.
"Na unapotoa damu, zambarau isiitangulie nyekundu."
Kwa nini, sikuuliza.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili
na cheti chenye muhuri wa Ulaanbaatar.

Huku kwetu Zavkhan damu huganda mara mbili:
kwa maumbile yake, na kwa Januari.
Dereva Purevjal huileta kutoka wilaya za mbali,
mirija kwapani, ndani ya joho la ngozi ya kondoo.
Nje ni nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Akifika hasalimii mtu
mpaka aitoe mmoja mmoja, kama vifaranga.
Ile iliyoshikwa na barafu, ikiyeyuka,
seramu yake huwa kama maji yaliyooshewa nyama.
Dulamjav huitupa bila kusita,
kisha hupiga simu wilayani kuomba radhi, dakika kumi nzima.

Siku hiyo mrija mwekundu wa mzee Gombosuren
ulikuja na damu isiyofika hata upana wa kucha.
Wa zambarau ulikuwa umejaa.
Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Damu ni ile ile, ya mkono ule ule.
Nikamimina.

Potasiamu, mashine ikaandika, tisa nukta nne.
Kalisiamu karibu haipo.
Nikashika simu, vidole vinanitetemeka:
moyo wenye namba hii husimama.

"Weka chini," akasema Dulamjav,
jicho bado liko kwenye hadubini.
"Kwanza nenda ukamwone maiti wako."

Maiti wangu alikuwa ameketi kwenye benchi la korido,
anakwangua mfupa wa kondoo kwa kisu,
analalamika kwa sauti kwamba farasi wake amefungwa nje tangu alfajiri
na hospitali nzima haina mwenye haraka
ila yule msichana anayekimbia.

Nilirudi nikitembea.

Hakuniuliza nimefanya nini. Aliuliza:
"Ndani ya kifuniko cha zambarau mna nini?"
Dawa ya kuzuia kuganda.
"Dawa gani?"
Sentrifuji ilikuwa inapunguza mwendo,
ikanguruma, ikanong'ona, ikanyamaza.
Chumvi, nikasema. Chumvi ya potasiamu.
"Na huzuiaje?"
Kwa kuikamata kalisiamu yote.
Nilikuwa nimeyajua hayo tangu mwaka wa pili.
Niliyajibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.

"Mashine haikusema uongo," akasema.
"Ilipima ulichoilisha."

Tukamtoa mzee damu upya.
Alinipa mkono wa kushoto, wa kulia una kisu.
Nne nukta mbili.
Farasi akafunguliwa.

Kuna daftari la kijani kwenye rafu, nyuma ya chupa za spiriti.
Safu nne: tarehe, sampuli, kosa, nani.
Nilidhani ataandika yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa.
Akalisukuma kwangu.
Nikitafuta ukurasa mtupu nikapita kwenye kurasa za manjano,
na pale, Novemba 1994, wino umefifia, mwandiko ninaoujua:
*Zambarau ndani ya nyekundu. Dulamjav.*

Niliinua uso. Hakunitazama.
Alikuwa amerudi kwenye hadubini
kuhesabu chembe nyeupe za mtu mwingine,
akianzia tena moja,
maana nilikuwa nimempotezea hesabu.