Kilo Mbili za Ghala

Jumamosi baba alifunga ghala saa saba,
akawaacha wapagazi wafagie,
akatuita mmoja mmoja kwenye mizani ya kahawa.
Kulabu ilikuwa ya magunia.
Tuliishika kwa mikono miwili, tukakunja magoti,
tukaning'inia juu ya vumbi la maganda,
Wanale umejaa mlangoni, unatazama.

"Wepukhulu, ishirini na sita."
Kimya. Shangazi Nandudu akaacha kutafuna.
"Neumbe, thelathini na moja. Vyema."
"Khainza..." aligonga kioo cha mizani kwa ukucha
kana kwamba mshale umekosea,
"hamsini na mbili! Huyu namuuza daraja la kwanza!"
Wapagazi wakacheka. Nami nikacheka,
nikacheka kuwashinda wote,
maana anayewahi kucheka haulizwi kama ameumia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nyumbani Namakwekwe jina langu likawa Gunia.
Gunia, sogea tupite.
Gunia, na wenzio nao wale.
Shangazi, vidole vimelowa mchuzi wa karanga,
alinifinya hapa, chini ya kwapa,
akamwambia mama: "Huyu mahari yake ng'ombe wawili zaidi,"
na siku ile ile, sinia likipita:
"Wewe inatosha."
Sikujua nishike lipi.
Mpaka leo sijui.

Na Wepukhulu? Yeye alilazimishwa.
Matoke, malewa, uji wa ulezi usiku wa manane,
mama kambana pua,
machozi yanamtoka mama.
Ilikuwa miaka ile ambayo mtu akikonda
majirani hushusha sauti.
Mjomba Mugide alianza kulegeza mkanda wakati wa Pasaka;
kahawa haijaiva, tukamzika.
Hata ugonjwa wenyewe uliitwa kwa wembamba wake: Silimu.
Basi nyumba yetu ikawa na mtoto wa kuchekwa
na mtoto wa kuogopewa,
na katikati yao Neumbe, thelathini na moja, vyema,
ambaye leo ana watoto wanne
na bado hupima wali wake kwa kijiko cha chai.

Jambo jingine niliona pale kwenye kulabu.
Mkulima akishusha gunia lake kutoka Budadiri,
baba aliliegemezea goti, kidogo tu, kwa chini,
na kilo mbili zikayeyuka.
"Za ghala," alisema. "Ghala nalo linakula."
Mizani hiyo ndiyo iliyotupima sisi.

Mwaka huu amelazwa chumba cha nyuma.
Ini, alisema daktari,
mengine akayaandika kwa mwandiko wa kujificha.
Kila asubuhi namwinua nibadilishe shuka,
na mwili huu, huu huu wa Gunia, hauchoki.
Mabega yaliyokosa gauni la kipaimara Mbale nzima
yanambeba kama nguo ya kuanikwa.
Namba naijua. Mikono yangu imejifunza kusoma.
Wageni wakija na sukari na sabuni,
wakafungua kinywa: "Jamani, mzee ameko..."
nafunga mlango, neno lao likiwa nje.

Jana, nimemkumbatia, miguu yake hewani,
aliuliza:
"Khainza, ngapi?"
Nikagonga hewa kwa ukucha.
"Sabini na nne, baba."
Akanyamaza. Pumzi yake ikanigusa shingoni.
"Umeweka goti upande wangu," alisema,
na tukacheka, yeye kwanza.

Sijui kama huo ni msamaha.
Nilimlaza, nikachomeka shuka chini ya godoro.

Jioni Neumbe alipiga simu, akauliza baba amekula nini.
Uji, nikamwambia, na nusu ya parachichi.
Halafu nikamuuliza swali ambalo kwetu
halijawahi kuulizwa bila mizani nyuma yake:
"Na wewe, umekula?"
Alikaa kimya muda mrefu.
Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani.