Saa Nane na Saa Nane

Tulitua saa mbili asubuhi,
tiketi ya Juba ikasema saa kumi.
Nikahesabu kwa vidole, kama mtoto: saa nane.
Saa nane za kukalia kiti cha chuma
nikitazama manukato nisiyoweza kuyanunua,
au saa nane za mji
niliousikia maisha yangu yote, sijawahi kuukanyaga.

Afisa wa uhamiaji aligonga muhuri bila kuniangalia.
"Umekuja kufanya nini Nairobi?"
"Kungoja," nikasema.
Hapo akaniangalia.

Nje baridi. Hakuna aliyenionya kuhusu baridi.
Nimetoka Unguja na shati la mikono mifupi,
spana zangu zimetangulia na mizigo,
na mfukoni orodha ya shemeji yangu Mwatima:
simba (mbuga iko karibu tu, wanasema),
makumbusho, nyama choma,
picha ya ushahidi.

Dereva aliitwa Musembi. Aliisoma orodha, akaikunja,
akanirudishia kama anayerudisha chenji iliyozidi.
"Kaka, una saa nane. Lakini saa nane uwe mlangoni.
Hapo mbili zimeenda.
Toa ya mkaguzi wa kuvua watu viatu.
Toa ya Barabara ya Mombasa, ile haina hesabu.
Unabaki na nini? Chai."
Kisha, akinitazama kwenye kioo:
"Na mbona unaongea kama taarifa ya habari?"

Alinipa sweta lake.
Tukakwama nyuma ya lori la saruji.
Vijana wakatuuzia njugu, chaja, ramani ya dunia;
nikaitafuta Unguja, nikakuta kipande cha gundi.
Dakika arubaini. Lori halijasogea hata tairi moja.
Musembi akakata kona.
"Twende nikuonyeshe ndege."
"Ndege? Si nimeshuka humo sasa hivi?"
Hakujibu.

Embakasi, maghorofa yamebanana
hata jua linaingia kwa zamu.
Ngazi za orofa saba, harufu ya sabuni na githeri,
halafu ghafla anga,
na kamba za nguo toka ukingo hadi ukingo:
mashuka, sare za shule, soksi moja moja.
Binti yake Ndanu ameketi juu ya ndoo
na daftari la hesabu ambalo halina hesabu.
Kila ndege imeandikwa: saa, rangi ya mkia, tabia.
Akafungua ukurasa wa leo, akasoma:
*Saa mbili na dakika sita. Ndogo. Imechelewa. Imedunda mara mbili.*
"Ni yako hiyo," akasema. "Mlitua vibaya."
Nikaomba radhi, kana kwamba niliiendesha mimi.

Nilikuwa kiti cha dirishani.
Niliona mapaa, mapaa, vitambaa vya rangi,
nikasema moyoni: kumbe huo ndio mji.
Sikujua na wao wananisoma.

Pampu ya maji pale juu ilikuwa imekufa tangu Jumanne.
Mtu haachi ufundi wake kwa sababu yuko safarini.
Spana sina; Ndanu akanipa bikari,
nikazibua kabureta kwa ncha yake,
nikapuliza, nikatema petroli, nikavuta kamba.
Mara ya tano ikakohoa.
Chini kwenye ngazi mwanamke akapiga kigelegele,
ndoo zikaanza kugongana.
Nilipoondoka bado ilikuwa inanguruma.
Baadaye, sijui.

Simba sikuwaona. Syombua alinipa githeri na parachichi,
nikala nimesimama, mikono inanuka mafuta,
Musembi akigonga saa yake kwa kidole.
Saa nane kasoro tatu nilikuwa mlangoni. Nilivua viatu.

Saa kumi na robo tukapaa.
Nilibandika uso dirishani kutafuta paa lao,
lakini kila paa lina nguo, kila nguo inapunga.
Mahali fulani huko chini kalamu inaandika:
rangi ya mkia, saa, imechelewa robo, fundi yumo.
Nikajiweka sawa kitini.
Ndipo nikagundua.
Juba, wanasema, ni joto la kukaangia yai,
nami naenda huko
na sweta la mtu.