Pete Tatu

Nizwa, saa nne usiku. Kiyoyozi kinakoroma.
Nimezima taa, nimewasha ile ya zambarau,
na unga mweupe wa kwenye kichupa umegeuka buluu,
buluu ambayo mchana haikuwepo.

Antrasini. Pete tatu za kaboni, bega kwa bega.
Mdogo wake, naftalini, ana pete mbili tu;
huyo mama anamjua, kamlaza sandukuni kule Bahla
kati ya kanga alizokuja nazo kutoka Wete.

Jana kanipigia: "Asila, mnapika nini huko usiku wote?"
Nikamwambia: mwanga ukizipiga, molekuli mbili hushikana
ubavu kwa ubavu, buluu ikazimika.
Ukizitia moto huachana,
kila moja na pete zake, kama hazikuwahi kujuana.
Tunapima zitarudiana mara ngapi.

Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
"Mimi na baba yako," akasema, "mara mbili."

Leo nimefika mzunguko wa kumi na saba.
Kwenye daftari nimeandika: hasara kidogo.
Nimefuta "kidogo".
Buluu bado ipo, ila
lazima usogee karibu.