Jino la Swabra

Liling'oka Jumatano, saa moja na robo,
kwenye kipande cha muhogo wa kuchemsha,
na mwenyewe hakulia.
Alilitoa, akalipangusa kwa dera la mamake,
akaliweka katikati ya sinia
kama mtu anayelipa deni.

Sisi tulikuwa tunahesabu mengine.
Mimi nahesabu siku: ya arubaini na mbili
tangu watuambie kule bohari, wanaume mia na ushei,
nendeni nyumbani, tutawapigia.
Simu naichaji kila usiku. Haijalia.
Maimuna anahesabu madumu: mawili yamejaa,
la tatu nusu, na mwenye mkokoteni
tangu jana kapandisha bei tena.
Kafyu ilikuwa na robo saa tangu iingie.
Chaani nzima imenywea,
hata muuza viazi karai kabeba karai lake
mafuta yangali yanachemka.

"Sasa nitalirusha wapi?"

Jino hurushwa juu ya paa, nani asiyejua?
Unamwambia kunguru achukue hili bovu
akuletee jipya, la kumenyea miwa.
Lakini sisi paa hatuna.
Juu yetu yuko Mama Mbodze,
juu ya Mama Mbodze yuko fundi Lali na cherehani yake,
ndipo paa; na ngazi yake iko nje, kando ya lango,
na nje, usiku huu, ni ya wenye buti.

"Kesho," nikasema.
"Kesho gani?"

Hakukusudia lolote. Ana miaka sita.
Lakini mamake aliacha kukunja nguo
akanitazama,
nami nikautazama muhogo.

Fahmi, ambaye tangu shule zifungwe
maneno yake ya siku yanaenea kiganjani,
akauliza kutoka pembeni:
"Na kunguru nao wana kafyu?"
"Wale?" akasema Maimuna. "Wale hata vitambulisho hawana."
Na akacheka. Akacheka
mpaka akajishika ukuta,
kicheko ambacho nilidhani tulikiuza
pamoja na friji.

Ndipo sakafu ya juu ikagongwa kwa mchi.
"Jamani, kuna nini huko chini?"
"Jino!"
"La nani?"
"La Swabra! Halina paa!"

Kimya. Halafu kikateremka dirishani
kile kikapu cha kamba cha Mama Mbodze,
cha kununulia mkate bila kushuka ngazi,
kikizunguka, kikigonga nondo.
Swabra akalilaza jino ndani, juu ya jani la mkadi,
nami nikatoa simu, ile ile ya kungojea,
nikawasha tochi, nikakimulika
kikipanda dirisha kwa dirisha.
Nikamsikia Mama Mbodze akimwita fundi,
na fundi akilalamika kuwa goti halimruhusu,
kisha akiburuta stuli.

Nyumba nzima ilinyamaza.
Watoto wa nyumba ya pili walinyamaza.
Nasadiki hata buti, kule barabarani, zilisimama kidogo.

Ti.
Kitu kidogo mno, juu ya bati.

Sijui nani alianza kupiga vigelegele.
Najua Maimuna alimziba mdomo Fahmi kwa kiganja
huku wake mwenyewe uko wazi.

Kikapu kilirudi na kifungo cheupe cha shati.
"Mwambieni ni cha muda," fundi akasema kutoka juu,
"mpaka kunguru alipe."
Swabra akakijaribu penye pengo,
akatutabasamia wote na vitundu vyake vinne,
akalala nacho ngumini.

Asubuhi simu ilikuwa imezima.
Niliisahau dirishani, tochi ikaimaliza.
Sikuiwasha
mpaka tulipomaliza chai.