Kiwango cha Punguzo

Alhamisi, saa nane mchana, chumba cha juu.
Umeme umekatika, projekta imelala na slaidi zangu tumboni,
nimerudi ubaoni na kalamu inayokaribia kukauka.
Naandika: Mikoko ya Kunduchi.
Ikiachwa isimame, miaka hamsini ijayo
itatuepusha na hasara ya shilingi milioni mia.
Swali: leo hizo ni shilingi ngapi?

Kalkuleta zinatoka mifukoni. Asilimia kumi na mbili.
Gawa, gawa tena, gawa mara hamsini.
Lusajo, anayekuja darasani na tai
maana benki inaweza kupita wakati wowote,
anawahi: "Laki tatu na elfu arobaini na sita."
Sahihi.
Mtu wa nyuma ananong'ona:
"Hiyo si bei ya godoro?"
Wanacheka. Nacheka nao.
Wahenga walisema akiba haiozi;
mimi nalipwa mshahara kufundisha
inavyooza, na kwa kasi gani.

Siwatu Kinyogoli hacheki.
Kwao Kigogo, bondeni,
ukuta una mistari mitatu ya maji
na alama nyekundu ya serikali juu yake.
Hanyooshi mkono, anaanza tu,
kama mtu anayedai chenji:
"Mwalimu, hiyo kumi na mbili, nani aliipanga?"

Nataja soko. Nataja hatifungani, riba, hatari.
Nataja subira ya binadamu, kwamba ni fupi,
kila mtu hutaka chake leo.

"Mama yangu ni kijumbe," anasema.
"Wanawake kumi na wawili, elfu ishirini kila Jumapili.
Wa mwisho anapokea kilekile alichopokea wa kwanza.
Subira ya hao, mwalimu, unaipigia hesabu gani?"

Lusajo anageuka na kiti chake:
"Wa mwisho kaibiwa na mfumuko wa bei, hajui tu."

"Anajua. Ndiyo maana mama huwapanga:
wenye mume na duka wanakaa mkiani,
mjane anaanza.
Mwaka ule maji yalipoingia,
Bi Tabu, zamu yake ya kumi na moja,
alipewa siku ya pili, noti zikiwa na tope.
Hakuna aliyetaja punguzo."

Jibu ninalo, limo kitabuni:
majirani kumi na wawili wanajuana kwa sura,
atakayekuwepo miaka hamsini ijayo hana sura,
haji Jumapili, wala hakuna wa kumdai.
Nikafungua mdomo,
nikasikia jibu likigeuka swali kabla halijatoka.
Nikasema tuishie hapo. Dakika ishirini zilikuwa zimebaki.

Usiku, Kimara, nikakokotoa upya peke yangu.
Atu ana miaka minne.
Miaka hamsini ijayo atakuwa na hamsini na minne,
umri wa mama alipokuja na khanga mbili
kumuona siku ya arobaini yake.
Kumbe yule asiye na sura
amelala chumba cha pili,
mguu mmoja nje ya chandarua.

Mtihani wa Julai sikubadili kanuni. Kanuni haina kosa.
Niliongeza mstari chini ya swali la nne:
Taja kiwango ulichotumia,
na uandike jina la atakayelipa tofauti.

Wengi wameandika: Serikali.
Mmoja kaandika: Mungu, kwa herufi nzuri.
Lusajo kaandika "mwekezaji," akafuta, akaacha wazi.
Siwatu katumia tatu,
si sifuri niliyoitarajia,
akapata milioni ishirini na mbili na ushei,
na pembeni, kwa penseli:
Mama anasema sifuri ni ya wanaofahamiana.
Kwenye nafasi ya jina kaweka lake, kamili, la ukoo pia.

Mwongozo wa kusahihisha, niliouandika mwenyewe mwezi Machi,
una jibu moja.
Nimeshika kalamu tangu magharibi.
Nyekundu yake
ni ileile ya ukutani kwao.